Kidole Kimoja Kushoto

Isiolo ilikuwa imeshabaki nyuma, ile minara yake ya vioo imekonda mpaka ikawa kama miiba, na ndani ya behewa la karakana kazi ilikuwa imepamba moto. Hakuna aliyesubiri kufika. Treni yenyewe haikuwa na magurudumu. Ilikuwa reli-sumaku, inaelea juu ya njia yake kimo cha kiganja, ikikimbilia kaskazini kwa kasi ambayo mbuzi akiinua kichwa kuitazama anakuta imeshapita.

Katikati ya behewa alikuwa Mkunga, na Mkunga hakuwa mtu. Alikuwa mashine ya mikono minane yenye akili unde, ananing'inia darini kama popo, na watu walimpa jina hilo kwa sababu kazi yake ilikuwa kuzalisha vyuma. Ukimweleza unachotaka, anakipima, anakichora hewani kwa mwanga, kisha anakata, anakunja na kuchomelea. Mikono miwili inashika, miwili inachoma, iliyobaki inapapasa huku na huku kama mama anayetafuta chumvi jikoni.

Siku hiyo alikuwa akizalisha kishikio cha parachuti cha gari liitwalo Nyigu.

Nyigu lilikuwa gari la Mbio za Chumvi. Refu, kiuno chembamba, tumbo limejaa betri baridi zinazoachia umeme wote kwa mkupuo mmoja. Lilijengwa kwa jambo moja tu: kutoka hapa kwenda pale kwa mstari ulionyooka kabla mtu hajamaliza kupiga chafya. Sasa, kuondoka si kazi. Kazi ni kusimama. Kwa kasi ile breki za magurudumu huyeyuka, na breki za sumaku hutaka njia ya chuma chini yake, nako kwenye jangwa la Chalbi, zinakofanyika mbio, hakuna njia ya chuma, kuna uwanda wa chumvi mweupe mpaka macho yanauma. Basi pamoja na maarifa yote ya karne hiyo, gari lilisimamishwa na kitambaa. Dereva akivuka mstari anafungua parachuti nyuma, inajaa hewa, na gari zima linabaki limeshikwa na chuma kimoja cha ukubwa wa kigoda. Chuma hicho ndicho kishikio. Kikikatika, mwisho wa chumvi kuna mawe meusi ya volkano, na mawe yale hayajui kumpisha mtu.

Waamuzi walikuwa wametangaza asubuhi hiyo kwamba kila gari livae parachuti kubwa kuliko ya msimu uliopita. Kishikio cha zamani kisingehimili. Ndiyo maana cheche zilikuwa zikiruka ndani ya treni.

"Injinia," alisema Talaso, "kesho huyu Mkunga wako atasimama wapi?"

Talaso ndiye aliyekuwa dereva, mzaliwa wa Maikona, ukingoni mwa Chalbi kwenyewe. Alikuwa amekaa juu ya sanduku la vifaa akitafuna karanga, miguu ikicheza. Injinia aliyeulizwa ni Mkamburi, mwanamke wa Taita, mrefu, mwenye makovu madogo ya cheche mikononi kama aliyetembelewa na siafu.

"Atasimama wapi kivipi?"

"Unajua kivipi, dada. Usinichezee."

Mkamburi alijua. Mbio za Chumvi zilikuwa na sheria nyingi zilizoandikwa, na moja isiyoandikwa iliyozishinda zote: aliyechomelea kishikio husimama mwisho wa chumvi, mbele ya mawe, peke yake, mpaka gari lisimame. Ilianza zamani, baada ya kishikio cha mtu mmoja kung'oka na dereva kufa wakati fundi anakunywa chai hemani. Tangu hapo hakuna fundi aliyekunywa chai gari likikimbia. Lakini mashine zilipoanza kuchomelea, mambo yakavurugika. Msimu uliopita timu moja ilibeba mkono wa roboti na kuusimamisha kule mwisho, umevishwa kofia. Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Dereva wa timu hiyo ndiye pekee ambaye hakucheka.

"Mkunga anachomelea vizuri kuliko mimi," alisema Mkamburi. "Huo ndio ukweli."

"Sikatai. Lakini Mkunga haogopi. Mimi nataka kule mwisho asimame anayeogopa."

Kutoka pembeni kicheko kilipasuka. Alikuwa Qabale, shangazi yake Talaso, mwenye lori la kukokotea magari yaliyokwama. Lori hilo lilikuwa la magurudumu, kuukuu, limefungwa kwenye behewa la nyuma, nalo lilikuwa likichekwa na kila aliyelipita.

"Mwambie, mwanangu!" alisema Qabale. "Mtu humpa roho yake anayetetemeka kidogo. Asiyetetemeka ataiangusha aone itakuwaje."

Mkamburi alikuwa amepiga magoti nyuma ya Nyigu, pale Mkunga alipokwisha kushikiza bamba la kwanza kwa nukta za moto. Akafumba jicho moja. Akachukua rula. Kishikio hakikuwa katikati. Kilikuwa kimesogea kushoto, upana wa kidole.

"Mkunga, mbona umekiweka upande?"

"Uzito wa gari umeegemea kushoto," alijibu Mkunga kwa sauti yake tulivu. "Kamba ya parachuti lazima ivute kwenye mstari wa uzito. Ikivuta pembeni, pua ya gari itageuka."

Hilo la mwisho kila fundi alilijua. La kwanza ndilo lililomshangaza. Mkamburi alikuwa amelipima Nyigu mwenyewe kule Isiolo na lilikuwa sawasawa kama mizani ya sonara. Akainua macho. Nje ya dirisha Mlima Marsabit ulikuwa unazunguka taratibu, na maji ndani ya chupa yake yalikuwa yamelala upande. Treni ilikuwa inakata kona. Behewa zima lilikuwa limeinamia kushoto.

Mkamburi akatabasamu. Ebo! Kumbe mashine nayo hulewa njia. Mkunga alikuwa amepima gari kwa mizani ya sakafu, sakafu imeinama, naye akadhani gari ndilo zito upande mmoja. Ilikuwa sababu nzuri, iliyonyooka, na mtu akishapata sababu nzuri haendi kutafuta nyingine.

"Acha," alimwambia Mkunga. "Kunja mikono. Namalizia mwenyewe."

"Ningependa kueleza kuhusu..."

Mkamburi alizima sauti yake, kama mtu anavyozima redio ili afikiri.

Talaso aliruka kutoka kwenye sanduku, karanga zikamwagika. "Unachomelea wewe? Kwa mkono?"

"Nachomelea mimi, kwa mkono, katikati. Na kesho nasimama mimi."

"Shangazi umesikia? Umesikia?"

"Nimesikia, mimi si kiziwi. Niondolee karanga zako miguuni."

Mkamburi alikata nukta za Mkunga kwa grinda, akasugua chuma mpaka kikang'aa kama fedha ya bibi harusi. Akapima kutoka kushoto, akapima kutoka kulia, akapiga mstari wa katikati. Akashusha kofia usoni. Chuma kile hakitaki papara. Ukikipa moto mwingi kinachoka, ukikipa kidogo kinakudanganya: juu kimeshikana, ndani kimeachana. Mkono wa kulia ulishika ncha ya moto, gesi ya agoni ikivuma chini kwa chini kufukuza hewa isije ikachafua mshono, na mkono wa kushoto ukalisha waya tone kwa tone. Alisikia furaha iliyokuwa imemtoka tangu Mkunga aletwe karakanani. Dimbwi dogo la chuma kilichoyeyuka lilimtangulia, naye akalifuata kama mtoto anayefuata kinyonga. Alichomelea kidogo huku, akahamia kule, joto lisije likavuta bamba upande. Kisha mihimili ya kuegemeza, mmoja baada ya mwingine.

Alipoinua kofia jasho lilikuwa linamdondoka kidevuni, na mshono ulikuwa umelala pale magamba kwa magamba kama mgongo wa samaki.

Qabale alikuja na kikombe cha maji. "Nikimwagie kipoe?"

"Usithubutu, Shangazi! Chuma hiki kikimwagiwa maji kingali moto kinakuwa kama kioo. Kinapasuka." Akakifunika kwa blanketi la nyuzi za mawe. "Kinapoa chenyewe, polepole."

"Haya, hata chuma chenu hakinywi," alisema Qabale, akayanywa yeye.

Chalbi iliwapokea kwa mwanga na kelele. Asubuhi ya mbio mahema yalikuwa yamefunika ukingo wa chumvi, ngoma zinalia, magari yanaunguruma bila moshi. Angani zilijaa nyungo, vile vyombo vya kurukia vya duara. Watu wa pwani ndio waliovipa jina, wakikumbuka nyungo za wachawi, ila hizi zilipandwa na waamuzi na watangazaji. Ungo mmoja ulimbeba Mkamburi mpaka mwisho wa chumvi, ukamshusha mbele ya mawe meusi, ukarudi.

Akabaki yeye, redio yake, na chupa ndogo ya maji aliyoimaliza kwa wasiwasi kabla hata zamu yao haijafika. Mahema hayakuonekana tena. Kulikuwa na weupe, na mvuke wa joto unaocheza, na upepo mwepesi unaotoka mashariki. Alikumbuka kila tone la waya.

"Injinia, hujambo huko?" Ilikuwa sauti ya Qabale redioni, na nyuma yake vigelegele. "Talaso ameshaingia. Kofia imefungwa, nguo ya hewa imefungwa, anaonekana kama samaki wa kopo."

"Nasikia, Shangazi!" Talaso mwenyewe alidakia. "Dada, uko mbele ya mawe?"

"Niko."

"Unatetemeka?"

"Kama jani."

"Safi sana! Basi nakuja."

Qabale akaendelea, maana hakuwa mtu wa kunyamaza. "Wala usiwe na hofu, binti yangu. Hata likipita likapotelea mbali huko, maji yake anayo."

"Maji gani?"

"Maji! Mtu ataingia Chalbi bila maji? Kwetu hata mtoto anayefuata mbuzi hapo tu haendi bila maji. Nilimfungia mtungi nyuma ya kiti kabla hatujatoka Isiolo, ulipomaliza kupima. Nilijua ukiona utautoa, nyinyi mnatoa hata kalamu mifukoni."

Mkamburi alihisi chumvi inamtoka chini ya miguu. "Upande gani?"

"Eh?"

"Shangazi, mtungi uko upande gani?"

"Kushoto. Kulia kuna nyaya zenu."

Kidole kimoja kushoto. Mkunga hakulewa kona. Alikuwa ameyapima maji, akayatengenezea nafasi yake, akataka kueleza, akanyamazishwa. Na sasa kishikio kilikuwa katikati, uzito uko kushoto. Parachuti ikijaa, kamba itavuta pembeni, pua itageukia kulia kwa kasi ile, na Nyigu litabiringika kama kopo.

"Yatoeni!" alipiga kelele. "Yatoeni hayo maji! Gari litageuka! Talaso atakufa!"

Halafu sauti ikaingia, nzito, ya mwamuzi: taa ya kuondokea imeshawashwa rangi ya manjano, gari lisilokuwa tayari litaondolewa kwenye orodha ya msimu.

"Fungueni ubavu," alisema Qabale, na sasa hakuwa anacheka. "Nimeufikia mtungi, lakini nilivyoufunga kwa waya hautoki upesi. Ninachoweza kufungua ni kibomba chake tu. Maji niyafanyeje?"

"Umwage!"

"Nimwage maji Chalbi? Injinia, wewe umetoka wapi? Mbele za watu hawa wote, ardhi ya baba zangu, nimwage maji?"

"Shangazi, nakuomba..."

"Simwagi. Lakini nayanywa. Njooni! Wewe, njoo kunywa! Na wewe mwenye bendera!"

Mkamburi, peke yake kule mwisho, alisikia kwa masikio tu. Alisikia miguu ikikimbia, watu wakisukumana, mtu akipaliwa. Alisikia Chiwanga, dereva wa timu ya Dodoma waliyekuwa wakishindana naye, akiuliza kuna nini, na Qabale akimjibu, "Kunywa kwanza, adui yangu, utauliza baadaye!" Chiwanga akanywa. Mafundi wake wakanywa. Mwamuzi mwenyewe, wanasema, alipokea kikombe. Watu walicheka, maji yakiwatiririka videvuni, ngoma zikapamba moto.

"Mnakunywa maji yangu!" Talaso alilalamika ndani ya kofia yake, akicheka. "Mimi nimefungwa humu, mnakunywa maji yangu!"

"Utakunywa ukirudi!" walimjibu.

Ubavu ukafungwa. Taa ikawa kijani.

Mkamburi hakusikia chochote mwanzoni, kwa sababu Nyigu lilikuja mbele ya sauti yake. Aliona tu kidoti cheusi kimeketi kwenye mvuke, na nyuma yake ukuta wa chumvi unasimama kama mawingu. Kidoti kikawa ngumi, ngumi ikawa gari. Ardhi ilimtetemesha magoti. Akafungua mdomo asijue kama anaomba au anapiga kelele. Kisha nyuma ya gari kitu chekundu kilichomoka, kikatanuka, kikajaa, paa! Nyigu likanesa. Parachuti ikalivuta kwa nyuma kama mtu anavyomvuta fahali mkia, na pua ya gari, ile pua nyembamba, haikugeuka. Haikugeuka hata unywele. Ikaja moja kwa moja kwake, ikipungua, ikipungua, ikasimama karibu kiasi kwamba angeweza kulirushia kiatu.

Ndipo sauti ikafika, na ikampiga kifuani, naye akaanguka matako juu ya chumvi akicheka.

"Rekodi!" redio ilikuwa inalia. "Rekodi ya Mbio za Chumvi!"

Alikimbia akafungua kofia ya Talaso. Uso wa yule msichana ulikuwa mwekundu, umekauka, macho yanawaka. Walikumbatiana, wakarukaruka, wakaimba hovyo. Mkamburi alikwenda nyuma akakipiga kishikio busu, kikamuunguza mdomo, wakacheka tena.

"Nina kiu," alisema Talaso. "Ungo unakuja?"

Ungo haukuja. Upepo wa mashariki, ule mwepesi, ulikuwa umeinuka. Kule Chalbi hauji kwa hodi. Ulikuja na chumvi na vumbi, mchana ukageuka rangi ya chai, na nyungo zote zikashushwa, maana macho yake ya mionzi hayakuona kitu. Redio ikabaki inakwaruza.

Walijiingiza chini ya parachuti, ikiwa bado imefungwa kwenye gari. Upepo uliishika ukataka kwenda nayo, ukaivuta mpaka Nyigu likasogea, lakini kishikio kilishika. Mshono haukulegea. Walikaa humo kama ndani ya tumbo la kitu kinachopumua, na joto likazidi. Nguo ya hewa ya Talaso ilikuwa ikipozwa kwa umeme wa gari, na umeme wa gari ulikuwa umekwisha wote, kama ulivyokusudiwa. Waliivua kwa shida. Jasho lilikuwa limemwishia. Kwanza alitania, "Sasa nani anakunywa maji yangu?" Baadaye akaliuliza jambo hilo hilo bila utani, kama anayeuliza kweli. Baadaye akaacha kuuliza. Mkamburi alimpepea, alimsemesha, alilamba midomo yake mwenyewe, akakuta chumvi.

Aliyekuja ni Qabale, na lile lori lililochekwa. Hakuona mbele zaidi ya boneti yake. Lakini Nyigu lilikuwa limekata ukoko wa chumvi na kuacha mfereji, na mfereji ulikuwa umenyooka toka mwanzo hadi mwisho. Aliingiza gurudumu moja humo, akafungua mlango, akaning'iniza kichwa nje kuutazama, na kila usukani ulipotaka kutoroka alijua ametoka mstarini, akarudi. Angeweza kuwapita hatua chache asiwaone, ila mstari haukumruhusu awapite. Aliteremka na mitungi miwili, analia na kutukana kwa pamoja.

Talaso aliishi. Figo zake hazikurudi kama zamani, na madaktari wa Isiolo walimkataza kuvaa tena nguo ya hewa. Hakuendesha tena. Ana duka la vipuri Maikona.

Rekodi yake ilivunjwa msimu uliofuata na Chiwanga, ambaye kabla ya kupanda gari alikwenda Maikona kumwambia.

Qabale aliuza lori, akanunua jingine kuukuu zaidi. Anaendelea kukokota magari.

Mkunga alihamishiwa karakana ya kutengeneza mabomba. Kabla hajaondoka Mkamburi alimfungulia sauti na kumwomba aeleze alichotaka kueleza siku ile. Alieleza kwa sentensi moja, kwamba kulikuwa na maji nyuma ya kiti na kwamba hakujua kama yamewekwa kwa makosa au kwa makusudi, hivyo aliyaacha.

Mkamburi anafundisha kuchomelea Voi. Bado husimama mwisho wa chumvi kila msimu, timu yoyote ikimwomba.

Siku hizi magari yote ya Mbio za Chumvi hubeba mtungi wa maji nyuma ya kiti, upande wa kushoto, na vishikio vyake vyote vimesogea kidole kimoja. Kile alichokichomelea Mkamburi kilikatwa kutoka Nyigu na kuwekwa ndani ya kabati la kioo Isiolo. Bado kiko katikati.